Malkia wa Wanyonya Damu Adai Shikamoo

Shangazi yangu alitangaza mabasi stendi kwa miaka ishirini na tisa. Kisha wakamleta mwanamke wa kwenye kompyuta, asiyekohoa wala kuomba likizo, na shangazi akapewa saa ya ukutani na mkono wa kwaheri. Tangu hapo akawa anatutangazia sisi nyumbani: "Chakula kiko tayari, abiria wote wasogee mezani." Tulicheka, lakini kila tukipita stendi alinyamaza kimya, na mimi iliniuma.

Mimi ni fundi wa sauti kwenye studio inayozitia sauti za Kiswahili katuni za Kijapani, zile wanaziita anime. Tulipoletewa moja ya wanyonya damu, nikamwombea shangazi nafasi ya Malkia wao. Bosi alikubali kwa shingo upande: angesikiliza kipindi cha kwanza Ijumaa, na asipopendezwa, sauti ya Malkia ingetolewa na kompyuta.

Shangazi alivua miwani. "Yule yule wa stendi?"

"Nduguye, shangazi."

"Basi nakuja."

Katuni yenyewe ni hivi: ugonjwa umemaliza watu wazima wote, miji imebaki magofu, na wanyonya damu wametoka ardhini wakafuga watoto kama kuku wa mayai. Shujaa ana miaka kumi na mitano, upanga mrefu kumliko, na nywele ambazo hata mwisho wa dunia haukuzivuruga. Anayemtolea sauti ni kinyozi wa mtaani kwetu, baba wa watoto wawili, mpole kupita kiasi.

Shangazi alitazama kipindi kizima amekunja mikono.

"Mama zao wamekufa wote?"

"Wote."

"Bibi zao? Shangazi zao?"

"Wote, shangazi."

"Kwa hiyo mtu mzima aliyebaki ni mmoja, na ndiye anayekula watoto." Alinikazia macho kana kwamba nimeichora mimi. "Ana umri gani huyu?"

"Miaka mia nane."

"Na uso wa msichana wa miaka ishirini! Hata uzee wake wamemnyang'anya."

Nikamwambia ni katuni tu.

"Hata mimi nilikuwa natangaza mabasi tu," akasema, akavaa miwani yake.

Alhamisi tukafika kwenye patashika yenyewe. Shujaa anavunja mlango wa kasri, anamnyooshea Malkia upanga na kufoka, "Leo ndiyo mwisho wako!" Hapo Malkia anatakiwa acheke sekunde nne. Shangazi alicheka mara tatu, zote kama mtu aliyemeza nzi. Mara ya nne hakucheka. Aliinamia maikrofoni, akashusha sauti ile iliyokuwa ikituliza stendi nzima.

"Unaingia kwa mtu wa miaka mia nane, huamkii?"

"Shikamoo," akasema kinyozi. Lilimtoka tu, maskini. Nadhani hata mimi midomo ilinicheza.

"Marahaba. Haya, endelea na upanga wako."

Kinyozi alijifunika uso kwa aibu. Tukarekodi upya, safari hii na kicheko cha sekunde nne kama karatasi inavyotaka, kicheko kibaya kuliko vyote nilivyopata kusikia. Nikabaki na mafaili mawili. Bosi alitaka lile safi. Mkono wangu, Mungu anisamehe, ukatuma lile la shikamoo.

Ijumaa bosi akatuita ofisini, uso umekunjamana. "Nani kaandika haya?"

"Hakuna aliyeandika," shangazi akajibu. "Ni malezi."

Bosi akalirudisha faili nyuma, akasikiliza tena. Mara ya tatu niliona mabega yake yakitikisika.

"Iacheni hivyo hivyo," akasema, akifuta macho. "Na huyo wa kompyuta abaki na mabasi yake."

Miezi miwili baadaye, katuni ikiwa tayari inaonyeshwa kwenye televisheni, nilimsindikiza shangazi stendi, anasafiri. Alipouliza tiketi dirishani, msichana wa miaka kama saba kwenye foleni aliacha kutafuna. "Mama, ni yeye!" Juu ya vichwa vyetu mwanamke wa kompyuta alikuwa anatangaza basi la saa nne, na watu wote wamegeuka kumtazama shangazi. Msichana akasogea hatua moja moja, mikono yote miwili imeziba shingo.

"Shikamoo, Malkia."

 Macho ya shangazi yalijaa machozi. Kisha akainama.

"Marahaba, mwanangu. Hebu toa mikono. Hii shingo umeiosha leo?"