Mwiko Wangu na Tepe za Gari la Mzungu

Mume wangu aliuchukua mwiko wangu Jumatatu asubuhi, akaketi nao mlangoni, akauchonga kwa kisu mpaka ncha yake ikawa nyembamba kama ukucha. Nilifoka. Mwiko ule nilikuja nao kutoka kwetu Busia nilipoolewa, na ugali wa mtama hausongwi kwa kijiti. Alinijibu bila kuinua kichwa.

"Mama mtoto, chuma nakwaruza rangi. Hii mti hapana kwaruza."

Mimi Msamia, yeye mtu wa Padhola, kwa hiyo tuligombana kwa Kiswahili. Tuliishi Rubongi, naye alikwenda kila siku kwa baiskeli kwenye gereji ya Mhindi mmoja mjini Tororo. Miaka hiyo Mwingereza alikuwa bado anatawala pande zote mbili za mpaka, kwetu na kwao, na fundi Mwafrika alishika spana huku akisimamiwa. Safari hii mwenye gereji alimwachia kazi peke yake: gari la spoti la viti viwili, mali ya Mzungu mkaguzi wa pamba, lilitakiwa kupakwa rangi upya. Kwanza mapambo ya nje yang'olewe, na rangi ikikauka yarudishwe bila alama. Akifaulu, atakuwa fundi kamili. Akiharibu, atarudi kuosha magari, kazi aliyokuwa ameifanya miaka minne.

Jioni ile alirudi na tepe mbili za bati za ubavuni mwa gari, ndefu kuliko mtoto wetu, amezifunga ndani ya blanketi letu la pekee. Gerejini watu wanakanyaga kila kitu, alisema. Alinionyesha kwenye ukingo wa meza jinsi alivyozing'oa: unapenyeza ncha ya mwiko chini ya utepe, unainua kidogo, unahamia kibanio kinachofuata cha kuushikilia. Ukiwa na pupa utepe unapinda, na mwingine ni wa kuagizwa Ulaya kwa meli. Alizungumza kwa furaha ambayo sikuwa nimeiona kwake tangu harusi.

"Usiguse," aliniambia.

Niligusa. Keshoye, alipokwenda kazini, nilifungua blanketi nikaona vumbi na nta ya zamani. Nilitaka aingie gerejini na kitu kinachong'aa kuliko alichotoka nacho. Bati lenyewe lilikuwa jepesi na jeupe, lile lile la sufuria, na sufuria zangu zilisifiwa na mama mkwe mwenyewe, mwanamke asiyesifu ovyo. Nikachukua majivu na mchanga laini, nikasugua utepe mmoja kwa nguvu zangu zote.

Niliusuuza, na ulipokauka nilizilaza zote mbili juani. Katika ule ambao sikuugusa niliuona uso wangu. Katika ule mwingine sikuona kitu, weupe tu wenye mikwaruzo elfu. Niliupaka mafuta ya simsim, yaani ufuta, ukang'aa. Nilipoyafuta, mikwaruzo ikarudi. Nikazifunga tena, ule mbovu chini, nikazirudisha pale pale alipoziacha.

Alhamisi alizichukua. Tangu hapo sikulala vizuri wala kula. Kila aliporudi nilimuuliza mwiko wangu uko wapi, nikitaka kusikia neno juu ya kazi. Alisema bado anauhitaji.

Jumamosi nilishindwa kuvumilia. Nilimfunga mtoto mgongoni, nikatembea hadi mjini, nikasimama ng'ambo ya barabara. Gari lilikuwa jekundu, rangi haina hata doa. Mume wangu alipiga magoti upande wa barabara, akaweka utepe wa kwanza, akaubana kwa kiganja kibanio baada ya kibanio. Ulikaa vizuri ajabu. Akazunguka upande wa pili, uso ukinielekea juu ya boneti, akaweka ule mbovu kwa utaratibu ule ule. Hakushtuka. Nilimtazama usoni nikitafuta mshtuko, na haukuwepo.

Mzungu alikuja, akalizunguka gari, akainama pale pale penye utepe wa pili. Akamwita mwenye gereji. Maneno sikuyasikia. Niliona tu mume wangu akiweka mkono kifuani mwake mwenyewe, kisha akiinamisha kichwa.

Alifika nyumbani saa kumi na moja, akaegemeza baiskeli ukutani, akauweka mwiko karibu na mafiga.

"Mwiko yako hii. Kule hawaitaki tena."

"Baba mtoto, ni mimi niliyesugua."

"Najua. Jivu ilibaki ndani ya mfereji ya utepe, pale nyuma."

"Na wao umewaambia nini?"

"Nimesema ni mkono yangu." Akaketi, akavua viatu. "Ugali iko?"

Nilisonga kwa mwiko ule ule. Ncha yake ilipinda ndani ya sufuria, nami nikaendelea kusonga hivyo hivyo, nikilia, na yeye akajifanya haoni. Jumatatu alitoa kisandukuni kaptula yake kuukuu, ile ya kuoshea magari, akaivaa, akapanda baiskeli.