Kipande cha Dada Kwenye Friza ya Buchari

Watu wa mtaa wetu wa Kimbo wakiona nyumba yangu hudhani nilikuwa dereva wa matajiri huko Ghuba. Hapana. Nilikuwa fundi wa maabara katika hospitali kubwa, na kazi hiyo niliipata kwa diploma niliyojilipia mwenyewe nikipakia mananasi kiwandani Thika. Hakuna mjomba aliyenishika mkono. Kipande cha uvimbe kikitoka mwilini mwa mgonjwa, mimi ndiye niliyekigandisha kwenye nta, nikakikata chembamba hadi mwanga ukapenya, nikakibandika kwenye kioo na kukitia rangi, kisha daktari akakisoma kwa darubini. Madaktari wa huko waliuliza kwanza nani amekata. Wakisikia ni mimi, walitulia.

Kwa hiyo dada yangu mkubwa alipopata uvimbe titini, ukoo mzima ulinitazama mimi, nikiwa nimerudi na kufungua maabara yangu ndogo ya kupima damu Witeithie. Dada anaishi Mwihoko, ambako yeye na mumewe wana buchari, duka la nyama. Kanisani kwao, na hata kwetu magharibi wazazi walikotoka kuja kuchuma kahawa Ruiru, watu huamini kwamba uvimbe ukiguswa na kisu hukasirika ukasambaa. Dada alikuwa amemzika rafiki aliyepasuliwa. Nilimweleza kwamba rafiki yule alichelewa, si kisu kilichomuua. Nilibembeleza mpaka nikachoka.

“Mara moja tu,” alisema hatimaye. “Ukinirudisha kwa kisu tena, tafuta dada mwingine.”

Walimkata kipande Ijumaa alasiri katika kliniki moja ya Ruiru. Kwetu hapa, chupa yenye kipande hupewa jamaa wa mgonjwa aipeleke maabara mwenyewe. Nilimpigia shemeji simu nikamwambia aende moja kwa moja hadi maabara ya Thika, yenye daktari wa kusoma vipande, asipite popote.

“Sawa, mtu wa majuu,” akajibu.

Jumatatu maabara ya Thika ikaniambia haijapokea kitu. Niliwasha gari nikaenda Mwihoko.

“Shemeji, chupa iko wapi?”

“Iko salama. Nilikuta wamefunga, nikairudisha.” Alijipangusa mikono kwenye aproni, akafungua friza, na kutoka chini ya matumbo akavuta kifuko cha plastiki kilichofungwa fundo.

Mama mmoja aliyekuja kununua nyama akachungulia. “Hako kadogo nipimie, nipelekee paka.”

“Hako ni ka mama watoto,” shemeji akasema.

“Unamwekea kadogo hivyo? Wewe ni mchoyo sana!”

Mama akacheka peke yake. Mimi nilikuwa natazama kile kifuko. “Na ile dawa iliyokuwa kwenye chupa?”

“Haiya! Ile ilikuwa inanuka mpaka wateja wakauliza kama nimeanza kuuza maiti. Nilimwaga jioni hiyo hiyo. Lakini usijali, nyama ikiwa friza haiozi. Hii kazi naijua.”

Na kweli anaijua. Kwa mchinjaji, kitu chochote kikikushinda leo, unakitia friza mpaka kesho. Lakini fomalini aliyomwaga ndiyo inayozishika seli zikabaki zilivyokuwa mwilini. Friza ya nyama hugandisha polepole, na barafu inapojijenga huzipasua seli na kuacha matundu. Nilikichukua kile kifuko mkononi mwake.

Dada akatoka nyuma ya duka. “Kuna nini?”

“Bado hakijasomwa,” nikasema, nikaondoka kabla hajaniangalia vizuri usoni.

Sikungoja barafu iyeyuke. Nilikitumbukiza kipande kilivyokuwa kwenye fomalini mpya niliyobeba garini, nikakifikisha Thika. Kilipokuwa tayari, niliomba nikikate mwenyewe, na fundi wao akanipisha alipoona ninavyoshika wembe. Kisha nikasimama nyuma ya daktari wakati anasoma. Alisogeza kioo huku na huku chini ya darubini.

“Umekata safi,” akasema. “Lakini hapa katikati ni matundu matupu. Huku ukingoni tu, mahali dawa iliwahi kuingia, ndipo seli zimebaki. Ni saratani. Hilo natia sahihi. Lakini kama itasikia dawa za homoni au haitasikia, siwezi kusema kwa kipande hiki. Nitakuwa nabahatisha, na wewe unajua.”

Nilijua. Ilibidi nirudi Mwihoko.

Dada alinisikiliza akiwa ameketi sebuleni, mikono imelala mapajani. Shemeji alisimama mlangoni na gambuti zake za mpira miguuni, hakuthubutu kuingia.

“Kwa hiyo ni saratani.”

“Ndiyo.”

“Na unataka kunirudisha kwa kisu.”

“Safari hii ni sindano nene. Lakini ndiyo, wanachukua tena.”

“Nikikataa?”

“Watakutibu kwa kukisia.”

“Ni mimi niliharibu,” shemeji akasema.

“Wewe nyamaza. Umeniweka na matumbo.” Dada akacheka, na hakuna aliyecheka naye. Kisha akanigeukia. “Tangu wanikate najipapasa kila asubuhi, nikingoja usambae. Niambie ukweli, daktari wa vioo. Kilichomuua rafiki yangu ni kisu ama ni kungoja?”

“Ni kungoja.”

Nilitaka kuongeza maneno, mimi ambaye sikosi maneno, nikajizuia.

“Basi twende leo,” akasema. “Huyu abaki na nyama yake. Chupa utabeba wewe.”

Niliibeba. Nilikata tena kwa mkono wangu, na katika maisha yangu yote sijawahi kukata vizuri kuliko siku ile. Vipande vya kupimwa homoni vikapelekwa Nairobi, nasi tukangoja, dada akiuza nyama dukani.

Siku ya majibu alikataa kuingia kwa daktari, nikaingia mimi. Nilipotoka nilimkuta kwenye korido ya maabara, amesimama, kitambaa cha kichwa amekivua na kukikunjakunja mkononi.

“Ni ile inayosikia dawa,” nikamwambia.

“Lakini bado ni saratani.”

“Bado ni saratani.”

Akaketi kwenye benchi, akajifunga kitambaa upya, taratibu, akikaza fundo.

“Naanza lini?” akauliza.