Bastola Aliyoichagua Kaka Yangu

Naiona bado, mjukuu wangu, asubuhi niliyopanda mlima kwenda Tukuyu pamoja na kaka yangu Ambakisye kuchagua bastola. Umenijia leo na habari ya bastola uliyoiona dukani Mbeya, ya muundo wa zamani, inayojijaza yenyewe, na bei yake unaimudu. Unasema biashara yako ya mpunga imekua na barabarani kuna wezi. Sikukatazi. Wewe ni mtu mzima, una mke na watoto, na serikali imekupa kibali. Ila kaa kwanza hapa barazani nikueleze kwa nini mkono wangu huu wa kulia haukunjuki. Wewe na ndugu yako mmeuona hivi tangu mlipozaliwa, mkaambiwa nilianguka. Sikuanguka.

Wakati huo Wajerumani ndio waliotutawala, na vita vyao na Waingereza vilikuwa havijaanza. Kwetu palikuwa Ngana, hapa hapa. Mimi na Ambakisye tulifuatana kuzaliwa, na watu walizoea kututaja pamoja kama jina moja. Alikuwa mrefu, mcheshi, mtu ambaye akiingia mahali penye huzuni watu wanaanza kutabasamu kabla hajasema neno. Udhaifu wake ulikuwa mmoja tu: hakupenda mtu ajue kwamba kuna jambo asilolijua. Ukimwonyesha njia, atakwambia anaifahamu, kisha atapotea kimya kimya.

Alikuwa ameteremka Mwaya, ambako meli za ziwani zilitia nanga siku hizo, akapata kazi kwa mfanyabiashara wa pwani tuliyemwita Mzee Salimu. Mzee huyo alinunua nta, mchele na mpira wa porini, akavisafirisha kwa meli. Ambakisye alianza kwa kubeba mizigo, akaishia kuwa mnyapara wa wapagazi wote na mlinzi wa ghala. Ghala lile lilipovunjwa na wezi, Boma la Wajerumani likamruhusu Mzee Salimu kuwa na bastola moja. Akasikia kwamba Mzungu mmoja wa shamba la kahawa, juu karibu na Tukuyu, anarudi kwao na anauza vitu vyake. Mwenyewe miguu ilikuwa imemvimba, hawezi mlima. Akamtuma Ambakisye.

"Fedha niliyokupa inatosha bastola ya kawaida, si ya fahari," alimwambia mbele yangu. "Uniletee ile utakayoijua wewe ndani na nje, kwa sababu mlinzi ni wewe. Sitaki pambo."

"Nimekusikia, Mzee," Ambakisye akasema.

Mimi nilimfuata kwa shauku zangu tu. Nilikuwa nimechumbia, na nilitaka kumnunulia mchumba wangu kitambaa huko mjini. Tulipanda tukicheka, tukivuka vijito vya maji baridi, na Ambakisye akiiga mwendo wa Wajerumani mpaka nikashika mbavu.

Yule Mzungu alitupokea vizuri. Alijua Kiswahili, na alikuwa mtu mpole mwenye sura ya uchovu. Alizitandaza bastola zake juu ya meza barazani. Moja ilikuwa kubwa, na ala yake ilikuwa ya mti; hiyo ilipita fedha yetu kwa mbali. Ya pili ilikuwa ya gurudumu linalozunguka na risasi zake, nzito, imechubuka mpini. Ya tatu ilikuwa ndogo, bapa, nyeusi inayong'aa, ya kutosha mfukoni. Hii ndiyo iliyojijaza yenyewe: ukiifyatua, inatema ganda la risasi na kujipakia nyingine bila wewe kufanya lolote. Hizi mbili tuliweza kuzinunua.

Mzungu akaifungua ile ya gurudumu. "Hii ni kongwe," akasema, "lakini ukiifungua unaona kila risasi mahali pake. Haikufichi kitu. Kwa ghala, mimi ningechukua hii."

Ambakisye hakuitazama hata mara ya pili. Macho yake yalikuwa kwenye ile bapa. Aliinyanyua, akaigeuza kwenye mwanga, na nikaona uso wake ukibadilika kama wa mtu aliyevikwa nguo mpya. "Hii hapa, Bwana."

Mimi nilikuwa nimekaa ngazini na mizigo yetu, mbali kidogo. Nilimwona Mzungu akimvuta Ambakisye karibu na kumwonyesha kitu, huku akiongea polepole. Alichomoa kikasha cha risasi kwenye mpini, akakiweka mezani. Kisha akavuta kile chuma cha juu, risasi nyingine ikaruka nje ikabingirika sakafuni, naye akachungulia ndani. Akarudia tena. Akamwuliza jambo. Ambakisye akatikisa kichwa kukubali, upesi upesi, na sauti yake nikaisikia mpaka pale nilipo: "Nimeelewa, Bwana. Nimeelewa."

Njiani nikamwuliza, "Alikuwa anakuonyesha nini kwa kurudia vile?"

"Habari za kuisafisha," akajibu, akaanza kuimba.

Tulipita nyumbani kabla ya kuendelea Mwaya. Tata, baba yetu, alikuwa akikwangua mpini wa jembe. Hakuishika ile bastola. Aliitazama tu pale ilipo, mkononi mwa mwanawe, halafu akauliza, "Ulipofika kwa mwenye nayo, ulimwuliza nini?"

"Nilimwuliza bei, Tata."

"Na baada ya bei?"

Ambakisye akacheka. "Kilichobaki ni kufyatua tu."

Tata akaacha kukwangua. "Mimi nikinunua ng'ombe, nauliza kwanza anapiga teke upande gani. Wewe umenunua kitu cha kuua watu, hukuuliza kinauaje. Umenunua mng'aro. Mrudishie mwenyewe, uchukue nyingine." Ambakisye aliinamisha kichwa kwa heshima, akasema ndaga, Tata, ahsante kwa maneno yako. Kesho yake tukateremka Mwaya, bastola ikiwa ile ile.

Mzee Salimu alipoona inavyolenga kisiki kando ya ziwa, aliridhika. Tangu hapo kaka yangu akabadilika kidogo. Si kwa ubaya, hapana. Ila watu walimpisha njia, na yeye akazoea kupishwa.

Tulipomaliza kuvuna mpunga, Tata aliita ndugu na majirani. Wanawake walikuwa wamepika kimpumu, ile pombe ya ulezi, na wazee wamekaa kukizunguka chungu wakiinyonya kwa mirija. Ambakisye akaja kutoka Mwaya, bastola kiunoni. Haikuwa yake na haikutakiwa kutoka ghalani, lakini aliileta. Vijana wakamzunguka: tuonyeshe, tuonyeshe. Alichomoa kikasha chote cha risasi, akakiinua juu kila mtu akione, akakitia mfukoni.

"Haya, sasa haina kitu," akasema. "Haiwezi kumdhuru hata kuku."

Akaielekeza kwenye mgomba. Mimi nilikuwa natoka jikoni na chungu cha maji ya moto ya kuongeza kwenye pombe, nikatokeza nyuma ya mgomba ule ule. Hakuniona. Alibonyeza kifyatulio huku akicheka, na risasi iliyobaki ndani, ya namna ile Mzungu aliyomwonyesha kwa kurudia, ikapita kwenye mgomba laini kama inapita hewani, ikanivunja kiwiko.

Sikusikia maumivu mwanzoni. Nilisikia chungu kikivunjika na maji yakiniunguza miguu, nikadhani nimejikwaa. Nilipotaka kuinuka, mkono haukunifuata. Kisha nikamwona Ambakisye amesimama, bastola mkononi, anaitazama kama mtu anayemtazama mbwa wake aliyemng'ata mtoto. Alikuwa anasema neno moja tu, mara nyingi: "Niliitoa. Niliitoa."

Walinibeba kwa machela mpaka misheni, juu mlimani, na Ambakisye hakukubali mtu mwingine ashike upande wa kichwa changu. Waganga wa misheni walinitoa vipande vya mfupa. Niliishi, lakini kiwiko kikagandamana hivi unavyokiona. Boma lilichukua bastola, likamnyang'anya Mzee Salimu ruhusa yake, na kaka yangu akachapwa viboko. Mzee Salimu hakumtukana. Alimwita akamwambia, "Nilikwambia uijue." Basi. Ambakisye aliniambia baadaye kwamba viboko alivisahau, maneno yale hakuweza.

Wewe unajua kwetu sisi mwanamume ni jembe. Mkwe wangu mtarajiwa alikuja kunipa pole, akautazama mkono wangu kwa muda mrefu, na nikajua anawaza nini: huyu atamlimia nani? Alitaka kurudisha ng'ombe zetu. Bibi yako ndiye aliyekataa. Alimwambia baba yake kwamba alichumbiwa na mtu, hakuchumbiwa na mkono. Ndiyo maana mpaka leo akinikemea nanyamaza. Lakini matuta aliyapandisha yeye, mwaka baada ya mwaka, na migongo ya wanawake si ya kazi ile. Wewe ulimkuta amepinda, ukadhani ni uzee.

Ambakisye alirudi kukaa nyumbani. Alinilimia shamba langu kabla ya kulima la Tata. Alininyoa nywele. Nikimwambia, "Kaka, mimi sina kinyongo nawe," aliitikia "ndaga," na kuendelea na kazi bila kuniangalia. Ule ucheshi wake ulikwisha kabisa. Watoto wa jirani waliokuwa wakimkimbilia wakaacha kumkimbilia. Nilitamani aniudhi, aniibie hata kuku, ili tugombane na kupatana kama zamani. Hakunipa nafasi hiyo.

Kisha vita vikaja. Wajerumani wakawa wanadai wapagazi kila kijiji, wabebe mizigo ya baruti na chakula, kwenda huko usikojua. Mimi nisingechukuliwa, kwa mkono huu. Ambakisye naye angeweza kujificha, kama wengi walivyojificha mabondeni. Yeye alikwenda mwenyewe kujiandikisha. Nilimfuata hadi njia panda, nikamshika shuka kwa mkono mzima.

"Unakwenda kujiua," nikamwambia. "Nani amekutuma?"

Hapo ndipo aliponitazama machoni kwa mara ya kwanza tangu siku ile. "Yule Mzungu aliniuliza kama nimeelewa," akasema. "Aliniuliza kwa upole, wala asingenicheka. Nikasema nimeelewa. Asegelile, mimi sikuelewa hata neno moja. Niliona haya."

"Basi yamepita. Rudi nyumbani."

"Kwako yamepita," akasema. "Kaa salama." Akaufungua mkono wangu kwenye shuka yake, kidole kimoja kimoja, taratibu, asije akaniumiza, akawakimbilia wenzake.

Hakurudi. Waliorudi walisema alishikwa na kuhara damu huko upande wa Iringa, wengine wakasema ni mbali zaidi. Hatukupata kaburi. Juba, mama yetu, alimwekea chakula kwa muda mrefu, hata baada ya kuacha kumtaja. Na mimi nimezeeka nikijiuliza ningelisema nini pale njia panda ili ageuke. Kila mwaka nagundua neno jipya ambalo lingefaa, na kila mwaka halina mtu wa kumfikia.

Sasa sikiliza, mwanangu. Bastola ya bei nafuu si kosa. Ile ya gurudumu ilikuwa ya bei nafuu pia, na kama angeichukua hiyo, huenda leo kaka yangu angekuwa amekaa hapa, mzee asiye na meno, akitudanganya habari za ujana wake. Ukienda dukani, usianze na uzuri wake wala usimalize na bei. Mwambie muuzaji akufundishe, kisha nawe umfundishe yeye vile vile, mpaka akubali kwamba umejua. Ukikosea, rudia. Kama hujaelewa, sema hujaelewa, hata kama duka limejaa watu na wote wanacheka. Kicheko cha watu hudumu mpaka mlangoni. Ukichomoa kikasha, usiseme haina kitu. Vuta chuma, chungulia, tia kidole, halafu bado uishike kana kwamba imejaa. Usiielekeze mahali usipojua kuna nini nyuma yake. Usiilete kwenye sherehe. Usiwaonyeshe rafiki zako. Na ukiona mwenyewe kwamba unaitaka ili watu wakupishe njia, iache pale pale dukani, ununue kufuli nzuri, usafiri mchana na wenzako.

Na mke wako mweleze ukweli kabla hujainunua, kwa sababu atakayelala nayo nyumba moja ni yeye na watoto.

Nimekwisha kusema. Kyala, Mungu wetu, akubariki, mwanangu. Akupe macho ya kuona kilichofichika na ulimi usioona haya kuuliza. Ndugu yako atoke nyumbani na kurudi, nawe utoke na kurudi, na mzeeke pamoja mpaka mchoshane. Nenda salama.