Mtu Aliyeajiriwa kwa Uzito Wake

Hadithi hii hutaiamini, na sikulaumu. Hata mimi niliyekuwepo kuna siku nashtuka, najiuliza kama sikuiota. Lakini naapa kwa masharubu yangu, ambayo nusu ya wanaume wa mji wetu wa Halab wanayaonea wivu na nusu nyingine wanajifanya hawayaoni: kuna mtu alilipwa maisha yake yote kwa kusimama. Habebi, havuti, hapigi nyundo. Anasimama tu. Na mtu huyo ndiye aliyemwoa dada yangu.

Jina lake Hamdo, na kazi yetu ni sabuni. Hupikwa majira ya baridi, mafuta ya zeituni na mafuta ya matunda ya ghar, ule mti wa majani yenye harufu kali, kwenye chungu kimoja kikubwa kama kisima, kisha humwagwa sakafuni ghorofa ya juu, ikatandaa kama uji wa kijani ukuta hadi ukuta. Inaachwa ipoe. Asubuhi imeganda kiasi cha kumbeba mtu aliyefunga vibao miguuni, lakini bado laini ndani kama jibini. Hapo ndipo sisi wakataji tunapoingia na ubao wa visu. Ni ubao mpana, chini una safu ya meno ya chuma, mbele una kamba. Wavutaji tunavuta, na mimi, sisemi kwa kujisifu, nilikuwa mvutaji ambaye wenzake walilalamika kuwa anawaburuza na wao.

Sasa ubao mtupu ukiuvuta utakwaruza juu juu tu, kama kuku anavyochakura. Lazima pawe na mtu juu yake wa kuzamisha yale meno. Mtu huyo ni Hamdo. Baba yake alisimama hapo kabla yake. Anasimama akitupa mgongo sisi wavutaji, mikono kaikunja kifuani, anaitazama mistari inavyozaliwa nyuma ya ubao, na mstari ukipinda anasema, "Kulia kidogo, nyie punda." Basi. Hiyo ndiyo kazi aliyolelea watoto.

Usicheke mapema. Uzito nao unataka utunzaji. Msimu ukikaribia, dada yangu Wadha alikuwa anamnenepesha mumewe kama fundi anavyonoa msumeno. Kibe, yale madonge ya nyama na ngano: kibe ya mchuzi, kibe ya kukaanga, kibe ya kuchoma. Kuna mwaka Hamdo aliugua akakonda, tukaanza kukata, mistari haifiki chini. Vipande havikuachana, sabuni nzima ikawa kama mkate uliokatwa na mtoto. Akateremka bila kusema neno, akarudi na mifuko ya koti imejaa mawe ya mtaani. Msimu ule wote alitembea akilia ngwala-ngwala, na mimi nikamwita Mlima, jina ambalo mtaani wanalitumia hadi leo.

Basi mwenye kiwanda alipozeeka, binti yake Lamis akashika usukani. Ni binti mwenye akili na heshima, anatuamkia sisi kwanza, na hanywi chai peke yake ofisini. Asubuhi moja akatukusanya, akasema, "Wajomba zangu, migongo yenu imekwisha. Nimeagiza winchi ya umeme ivute ubao."

Tukashangilia! Mwenzangu Abboud, ambaye kiuno chake hulia kama mlango wa zamani, alitaka kumbusu mkono. Mpaka Hamdo akauliza, "Na juu ya ubao atasimama nani?"

Lamis akamgeukia. "Juu watafunga chuma, ami. Winchi ikivuta kwa nguvu mtu anaweza kuanguka. Siwezi kukubali."

"Na mimi?"

"Sijui bado," akasema. "Nisikudanganye. Sijui."

Siku ile Hamdo alikula kipande kimoja tu cha kibe. Wadha akanipigia simu akiwa na hofu kama kuna msiba. Nikaenda. Nikamkuta Hamdo sebuleni, kajikunja kwenye kochi, yaani kochi zima halionekani.

"Shemeji," nikamwambia, "furahi. Mtu wa kwanza Halab kunyang'anywa kazi na kipande cha chuma ambacho hata hakijui kukunja mikono."

"Wewe una nyundo ya mihuri unaijua, una kupanga minara ya sabuni unakujua," akasema. "Mimi nikiulizwa unajua nini, nijibu najua kuwa mzito?"

"Waambie una uzoefu."

"Toka nyumbani kwangu, Abu Zakkur."

Nikatoka, lakini baada ya kumaliza sahani.

Winchi ikaja. Ikafungwa ghorofa ya juu kiwandani, mwisho wa ukumbi, kamba ya waya ikanyooshwa, na juu ya ubao wakafunga pande la chuma ambalo ilitubidi tulinyanyue sote. Hamdo akapewa ufagio. Alisimama kando ya mlango nao, mkubwa vile, kama askari aliyepewa kijiko. Swichi alikuwa nayo fundi aliyekuja kuifunga, na ikibonyezwa, ubao unateleza kimya, mistari imenyooka, visu vimefika sakafuni. Ninasema kweli hata kama inaniuma: ilikuwa nzuri. Abboud alikuwa anatembea nyuma yake mikono mfukoni, anapiga mluzi. Nami nilitoa maagizo mengi ambayo hakuna aliyeyahitaji.

Tukafika katikati ya ukumbi, chai ikaja. Fundi akabonyeza, ubao ukasimama. Tukateremka chini kama tulivyozoea, tukakaa, tukanywa, nikasimulia kisa changu na ngamia mmoja, ambacho ni kirefu.

Kurudi juu, ubao haupo.

Haki ya Mungu, haupo! Tunaona waya unakwenda, unakwenda, halafu unaingia ndani ya sabuni. Tukasogea. Pale palipokuwa na ubao pana shimo la mraba, na chini kabisa, sakafuni, chuma kimekaa kwa raha zake kama nyati kwenye tope. Uzito ukikaa mahali pamoja juu ya sabuni laini, huzama. Hamdo huwa, chai ikiitwa, anashuka kwenye ubao kabla hata kamba haijalegea. Kabla yake baba yake alikuwa anashuka. Hakuna kati yetu aliyewahi hata siku moja kufikiria jambo la kushusha uzito.

Lamis akaja mbio. Akatazama shimo. "Ni nani aliyeacha chuma juu ya sabuni?"

Abboud akavua kofia. "Bibi," akasema, "kwa kawaida huwa kinajishukia chenyewe."

Lamis akamtazama Abboud, akamtazama Hamdo na ufagio wake, akakaa chini palepale, akacheka mpaka kitambaa cha kichwa kikalegea. Hamdo ndiye hakucheka. Aliweka ufagio, akafunga vibao miguuni, akaingia shimoni. "Leteni kamba," akasema. "Na wewe Abu Zakkur, vuta kweli leo, si kwa mdomo." Tukachota, tukavuta, bibi Lamis naye kapandisha mikono anavuta, tukanuka ghar hadi kwenye kope. Sabuni iliyoharibika tukairudisha chunguni, ikapikwa tena.

Usije ukadhani chuma kilifukuzwa baada ya hapo. Kesho yake kilipandishwa tena, na kilikata vizuri kama mwanzo, na chai ilipofika tulikishusha kwa kupiga kelele nyingi. Kwa hiyo Hamdo alibaki palepale, mlangoni, na ufagio. Fundi akamaliza kazi yake, akafunga mkoba kurudi kwao. Ndipo Lamis akatukusanya tena, akatukalisha juu ya magunia.

"Kazi ni hizi," akasema. "Kuna swichi, kuna nyundo za mihuri, kuna kupanga minara, kuna kufunga mizigo. Mimi nikiwagawia nitakosea, sijui nani anaelewana na nani. Gawaneni wenyewe, wote mlioko hapa. Asibaki mtu bila kazi, na asipewe mtu kazi ya huruma. Mkikubaliana mniambie."

Tangu kiwanda kijengwe hatukuwahi kuulizwa swali kama lile. Tulitazamana kama wageni kwenye harusi. Abboud alitaka minara, lakini kupanga minara ni kazi ya wawili, mmoja anarusha, mwingine anadaka na kuipanga kwa kuachia nafasi upepo upite, na hakuna aliyetaka kurushiana na Abboud. Kelele zikaanza. Hamdo kainamisha kichwa. Nikamwona. Moyo wangu, ambao ni laini kuliko sura hii nzuri inavyoonyesha, ukakatika. Nikasimama. Nikapiga kifua. Nikasema, "Mabwana! Mlima huyu ametubeba sote! Akitoka yeye natoka mimi, na nikitoka mimi Halab nzima itakoga kwa maji matupu!" Wapiga mihuri wakaangusha nyundo. Abboud akalia. Bibi Lamis akageukia ukutani afute macho. Wakaninyanyua mabegani, wakanizungusha ukumbi mzima, na nje watu wakaanza...

"Nani alikunyanyua, shemeji?"

Ni Hamdo huyu, anasoma haya ninayoandika juu ya bega langu, ananidondoshea makombo.

"Ulikuwa umelala kwenye magunia," anasema. "Mimi ndiye niliyeinua mkono. Nikasema, nipeni swichi, na chuma nitakisimamia mimi kishushwe kila chai, nikisahau mnitimue. Abboud akasema haki yake. Wengine wakasema haki yake. Basi, ikaisha. Swichi ninayo mpaka leo, na wewe unarushiana minara na Abboud kwa sababu uliamka wakati kila mtu ameshachagua."

"Sikulala. Nilifumba macho natunga hotuba."

"Ulikoroma."

"Hotuba niliitoa baadaye, uani."

"Uani alikuwepo paka."

Haya, paka alikuwepo, sikatai, lakini msomaji wangu, ungemwona paka mwenyewe jinsi alivyosimama kwa miguu miwili akaanza kunipigia makofi... Hamdo, rudisha kalamu yangu!