Aliyegeuka kwa Jua la Garissa

Hili lilinitokea mimi, na wakati ule macho yangu hayakuwa na ukungu. Ukitaka kucheka, cheka sasa umalize.

Ilikuwa mwisho wa miaka ya tisini. Mjukuu wangu Hibo, fahari yangu, alikuwa akitengeneza ukurasa wa intaneti wa ofisi ya wauza mifugo hapa Garissa, ili wanunuzi wa mbali wajue siku ya soko. Mimi nilisoma madarasa mawili tu, lakini leo na kesho nazijua. Asubuhi ya soko, mbuzi wameshajaa zizini, ukurasa bado unasema soko ni kesho. Mara mbili wanunuzi wakakosa soko. Mkubwa wake akamwambia ikitokea tena, asirudi kazini.

Jioni moja nikampelekea maziwa ofisini. Nikamwambia siku inageuka jua likizama, kila Mwislamu anajua. Akacheka.

"Ayeeyo, bibi yangu, mashine haiswali. Yenyewe inageuza siku saa sita usiku."

Mlangoni akatokea mzee mrefu, fimbo mkononi, ananuka ngozi mbichi. Akaomba maziwa. Nikampa kibuyu kizima, mgeni hanyimwi. Akanywa, kisha akauliza kama jua limezama. Sasa nani huuliza hivyo naye ana macho? Nikamwambia ukweli, limebaki kidogo. Akamgeukia Hibo.

"Binti, mimi nageuka kwa jua la hapa niliposimama. Mashine yako inageuka kwa usiku wa wapi?"

Hibo akashika kichwa. Kompyuta inayotunza ule ukurasa ilikuwa Amerika. Saa sita ya usiku wao, sisi huku tumeshakunywa chai na mbuzi wameshauzwa. Na Hibo hakuwahi kuiambia kwamba soko liko Garissa.

Tulipoinua macho, mzee yuko nje, anajisugua fimbo mgongoni. Adhana ya magharibi ikaanza. Wazee wetu husema wapo watu wanaojisugua fimbo jua likizama wakageuka fisi. Wallahi, kilichoondoka pale kilikuwa na miguu minne na mgongo wa fisi.

Hibo akairekebisha usiku uleule. Asubuhi ya soko ukurasa ukasema leo, malori yakajaa, na kazi hajaiacha mpaka sasa. Majirani wote wameliwa mbuzi na fisi. Wangu hawajaguswa hata sikio, na kila magharibi naacha maziwa mlangoni.

Basi wewe, mtu mwenye fimbo akikuuliza kama jua limezama, usimdanganye. Na mashine ikikwambia leo ni siku gani, iulize kwanza: leo ya wapi?