Mkono wa Mzee Mlimani Nambis

Gari langu dogo la otomatiki lilinitia jeuri kwa wiki moja, halafu likaniletea kesi kwa mama. Kosa langu lilikuwa kuwasalimia wazee kwa honi. Mlima wa kwenda Nambis niliupanda bila kusimama, napiga honi na kupunga mkono, kwa sababu nilishawahi kusimama pale nikaliona gari linarudi nyuma. Aliyeniuzia aliniapia kwamba auto hairudi nyuma mlimani. Labda kwao hakuna milima.

Mama hakutaka kusikia habari za mlima. "Shikamoo haipigwi kwa honi," alisema. "Siku ukiwa na adabu, ndiyo nitapanda gari lako."

Hilo liliniuma, maana gari nililinunua kwa ajili yake. Dada yake anaishi huko juu Nambis, macho hayaoni vizuri na hatoki tena nyumbani. Magoti ya mama yamegoma kupanda mlima, na pikipiki anaiogopa kuliko fisi. Walikuwa hawajaonana tangu mvua za mwaka jana, watu ambao zamani siku haikuisha bila kuteta.

Nikaahidi kusimama. Jumapili baada ya ibada tukaondoka kwetu Endagikot, mama mbele, dumu la maziwa mgando mapajani. Niliomba Mungu tusikutane na mtu. Basi penye mwinuko mkali kuliko pote, mzee mmoja wa kanisa letu alikuwa anateremka kwa miguu.

Nikasimama, nikakanyaga breki kwa nguvu zote. "Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu."

Alimsalimia mama dirishani, kisha akaninyooshea mkono mimi. Mkono wa mzee haupokelewi kwa ncha za vidole. Nikajinyoosha mbele ya mama, mkono wa kushoto umeshika kiwiko cha kulia kwa heshima zote, na katika kujinyoosha huko mguu ukatoka kwenye breki.

Gari likaanza kurudi nyuma, polepole. Mzee hakuniachia. Akatembea nalo.

"Watoto?"

"Hawajambo, baba."

"Mahindi?"

"Yanaendelea vizuri, baba."

Mguu unatafuta breki, unakuta zulia. Kuuvuta mkono kabla mkubwa hajakuachia ni utovu wa adabu, na mama alikuwa hapo katikati, ananitazama.

"Na ng'ombe?"

"Wazima, baba!" Sauti ilipanda yenyewe.

Mguu ukaipata breki karibu na kalavati. Mzee akaniachia, ametabasamu. "Vijana wa siku hizi wanatupita tu. Wewe umenisindikiza kabisa. Ubarikiwe." Akaendelea na safari yake.

Nikavuta hendibreki kwa mikono miwili. Mkono wa mama ulikuwa tayari kwenye kitasa cha mlango. Nilijua akishuka hapo hatapanda tena, na dada yake ataendelea kumsikia kwenye simu tu. Nilitaka kulia.

"Ulikusudia?" aliuliza.

"Hapana, mama. Limerudi lenyewe."

Akanitazama kidogo, kisha akaangua kicheko mpaka akajifuta machozi kwa khanga. Nikacheka na mimi. Akaachia kitasa, akalikumbatia dumu lake vizuri.

"Twende, dada ananisubiri," alisema. "Tukimkuta mzee mwingine, wewe toa shikamoo. Mkono nitampa mimi."