Orodha Iliyomfanya Mlinzi Kuwa Mkunga

Miaka ya tisini nilikuwa karani wa rekodi za wafanyakazi katika ofisi moja ya serikali, Busia. Tulipoletewa kompyuta ya kwanza, nilimwambia bosi naijua vizuri. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimeiona mara mbili tu, kule Malaba.

Niliandika majina ya wafanyakazi wote, hata wa zahanati, upande mmoja, kazi upande wa pili. Bosi akataka majina yafuate alfabeti. Nikabonyeza, majina yakajipanga. Sikuangalia kama kazi nazo zimesonga. Ripoti ikaenda Nairobi.

Wiki iliyofuata akaja afisa wa kuhakiki wafanyakazi. Tulikuwa tumesikia kwamba asiyelingana na orodha ataitwa mfanyakazi hewa na kufutwa. Akatukusanya wote, akafungua orodha na kukunja uso.

"Okisai, mkunga," akaita.

Mlinzi wetu akasimama na rungu lake. "Ni mimi, mkubwa. Lakini hiyo kazi sijaambiwa."

Watu wakacheka. Afisa hakucheka. "Nani alipanga hii orodha?"

Nikainua mkono, nikataja jina langu. Akalitafuta kwa kidole.

"Wewe hapa ni dereva. Unajua kuendesha gari?"

"Sijui, mkubwa."

"Na kompyuta?"

Bosi alikuwa ananitazama.

"Hata hiyo sijui," nikasema.